Mmoja Katika Milioni Tatu na Nusu

Mdogo wangu alinitumia picha ya cheti saa tano usiku, chini yake ameandika maneno matatu: Dada, hebu ona. Nilikuwa kitandani hosteli, macho yamechoka na skrini, nikaikuza picha kwa vidole. Kulikuwa na nembo ya rangi ya dhahabu, majina yake yote matatu, sahihi ya mtu nisiyemjua, na katikati, kwa tarakimu kubwa, 175. Chini yake sentensi moja ndogo ilieleza kwamba alama hiyo ya IQ hupatikana kwa mtu mmoja katika watu milioni tatu na nusu.

Anafanya kazi kwenye duka la steshenari karibu na stendi, nyumbani kwetu Morogoro. Anatoa fotokopi, anachapa barua za maombi ya kazi, anawajazia watu fomu za mtandaoni. Mchana wateja wakipungua anabaki na kompyuta na bando la mwenye duka, na huko ndiko alikokutana na mtihani huo. Ni miongoni mwa ile inayoitwa mitihani ya kiwango cha juu, iliyotungwa kwa ajili ya watu ambao vipimo vya kawaida eti haviwatoshi. Hauna kikomo cha muda. Unaweza kukaa nao wiki au mwaka. Yeye alikaa nao miezi minne, akalipa ada ya kusahihishiwa kupitia kadi ya rafiki yake, akasubiri. Cheti kilipokuja alikichapa kwa rangi, akakitia plastiki ngumu kwa mashine ya palepale dukani, akakitundika sebuleni kwa mama. Kimekaa kando ya picha yangu ya mahafali.

Kabla sijajibu ukaingia ujumbe wa pili: "Wewe ndiyo unasoma takwimu. Nihakikishie."

Ni kweli nasoma takwimu. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, na eneo langu ni upimaji wa elimu, yaani nalipiwa ada ili nijifunze kutilia shaka alama za watu. Nikafanya kile ambacho mtu wa takwimu hufanya anapopewa namba: nikaipigia hesabu. Vipimo vya IQ vya siku hizi hupangwa ili wastani uwe 100 na mkengeuko sanifu uwe 15. Kwa hiyo 175 iko mikengeuko mitano kamili juu ya wastani, na kwenye mgawanyo wa kawaida, ule mchoro wa umbo la kengele, huko juu anabaki mtu mmoja katika milioni tatu na nusu hivi. Hapo cheti hakikudanganya. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania. Ukigawa unapata watu 17, labda 18, nchi nzima, vichanga wakiwemo. Mmoja wao anatoa fotokopi Morogoro.

Sikucheka. Nawe msomaji usicheke, maana hao 17, kama wapo, lazima wawe mahali fulani wanafanya kitu fulani, na sioni kwa nini mahali hapo pasiwe duka la fotokopi. Duka halikunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba sikuona namna ambayo mtu aliyeandika 175 angeweza kuijua.

Ukimpima mtu urefu kwa futi kamba, sentimita 180 zitabaki 180 hata kama dunia nzima amebaki peke yake. IQ haiko hivyo. Ni nafasi yako kwenye foleni, na ili nikuambie wewe ni wa ngapi, lazima kwanza niwe nimeipanga foleni yenyewe. Kipimo cha Wechsler cha watu wazima, toleo la nne, kilipangwa kwa sampuli ya watu 2,200 wa Marekani, waliochaguliwa ili umri, elimu, rangi na maeneo yao yafanane na ya nchi yao. Ni kazi kubwa na ya gharama. Hata hivyo, katika watu 2,200 unatarajia watatu tu wavuke 145. Wa kuvuka 160 hutarajii hata mmoja, kwa sababu huyo ni mmoja katika watu zaidi ya 31,000. Ndiyo maana kipimo hicho kinaishia 160 na kunyamaza. Ili uwapate watu kumi tu wa 175, uwaketishe, uone ni maswali gani wanayapata ambayo wa 165 wanayakosa, ungepaswa kupima watu milioni 35 waliochaguliwa kwa nasibu. Hakuna aliyefanya hivyo.

Sasa anayetunga mtihani wa watu wa 175 anaipanga vipi foleni yake? Mfano unaojulikana zaidi ni wa Ronald Hoeflin, Mmarekani ambaye mwaka 1982 alianzisha Mega Society, chama cha watu ambao kila mmoja wao alihesabiwa kuwa mmoja katika milioni. Aprili 1985 jarida la Omni lilichapisha mtihani wake, Mega Test. Ulikuwa na maswali 48, nusu ya maneno, nusu ya maumbo na namba, na haukuwa na muda. Msomaji akae nao nyumbani siku anazotaka, kisha atume majibu kwa posta. Maelfu walituma. Walioweza waliandika pia alama walizowahi kupata kwenye mitihani mingine, kama ule wa SAT wa kuingilia vyuo vya Marekani. Hoeflin akaziweka alama hizo kando ya alama za mtihani wake, akazilinganisha, akapata jedwali: ukipata maswali kadhaa, IQ yako ni kadhaa.

Kwa haki, aliziweka hesabu zake hadharani, na mtu anayeficha kitu hafanyi hivyo. Lakini tazama foleni ilivyopangwa. Waliosimama humo ni waliojipeleka wenyewe, watu wanaosoma jarida la sayansi na kufurahia mafumbo kiasi cha kuyapeleka posta. Alama zao za zamani walizitaja wenyewe, na mwanadamu anayekumbuka kutaja alama yake mara nyingi ni yule iliyompendeza. Tena hiyo mitihani mingine nayo ina mwisho wake. Ukishafika juu kabisa ya SAT hakuna tena cha kulinganisha, ila jedwali linaendelea kupanda. Ni sawa na kupima kina cha mto kwa fimbo, fimbo imezama yote, nawe unaendelea kuhesabu. Mwaka 1991 Roger Carlson aliuhakiki mtihani huo na kuona kasoro hiyohiyo: data dhaifu za watu waliojichagua zimebebeshwa tafsiri nzito kuliko uwezo wake.

Kuna namba zilizokuwa na vituko zaidi. Marilyn vos Savant aliingizwa kwenye kitabu cha Guinness kwa IQ ya 228. Namba hiyo ilitoka kwenye mtihani wa utotoni, kwa ile njia ya zamani ya kuchukua umri wa akili, kuugawa kwa umri wa kuzaliwa na kuzidisha kwa mia. Ukiisoma kwa mizani ya leo, watu wote waliowahi kuzaliwa tangu dunia iwe dunia hawatoshi kumpata mmoja wa aina hiyo. Mwaka 1990 Guinness wakakifuta kipengele chote. Naona walifanya la maana, ingawa si kosa lake yule mama kwamba alijibu vizuri akiwa mtoto.

Yote haya niliyajua usiku ule, au niliyapata kabla ya alfajiri. Nilichomwandikia ni hiki: "Hongera sana mdogo wangu. Tutaongea."

Jumamosi mama akapiga.

"Eti ni kweli mdogo wako anawashinda watu milioni tatu?"

"Mama, ana akili."

"Sijakuuliza hilo. Hilo nalijua tangu ananyonya."

Kisha akaniambia ambacho mdogo wangu hakuniambia. Mama alikuwa ameweka fedha ya kikoba mwaka mzima ili Januari aende chuo cha ufundi, asomee umeme. Fomu ilikuwa tayari. Sasa kijana amesema haendi. Mtu wa 175 hawezi kwenda kujifunza kufunga swichi. Anasubiri majibu ya chama fulani cha nje, anaamini wakishampokea wapo watakaomsomesha, na kujiunga nako kuna ada. Alikuwa ameomba sehemu ya ile fedha.

"Mimi hayo ya kuhesabu akili siyajui," mama alisema. "Naambiwa akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wewe zungumza naye. Anakusikiliza."

Hapo ndipo swali langu la takwimu lilipogeuka kuwa swali la aina nyingine, ambalo darasani hatukufundishwa. Kama cheti kingekaa tu ukutani, ningekuwa na haki gani ya kukishusha? Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo nyumbani hayatajwi. Kwa miaka sita watu wamekuwa wakimwita "fundi wa fotokopi". Namba hii ilimfanya asimame wima, mama aliniambia hata kutembea amebadilika. Kuna ukweli mwingi duniani ambao hakuna anayedaiwa kuusema: hatumwambii bibi harusi kwamba gauni halikumkaa. Lakini kunyamaza kwangu sasa kulikuwa na bei, na bei yenyewe ilikuwa fedha ya mama na mwaka mmoja wa kijana.

Samuel Messick aliandika mwaka 1989 jambo ambalo kila mwanafunzi wa upimaji hulikariri: uhalali si mali ya mtihani, ni mali ya tafsiri na matumizi ya alama. Mtihani uleule waweza kuwa halali kwa kazi moja na usiwe halali kwa nyingine. Nilikuwa nimeliandika kwenye karatasi za mitihani mara nyingi bila kuhisi uzito wake. Nililoliona safari hii ni kwamba 175 ya kujifariji na 175 ya kukataa fomu ya chuo ni madai mawili tofauti, na la pili lilikuwa linahitaji ushahidi.

Nikajiandaa kama wakili. Nikachukua na mfano wa Lewis Terman, profesa wa Stanford, ambaye mwaka 1921 alianza kuwatafuta watoto wenye IQ za juu kabisa California ili awafuatilie maisha yao. Akapata zaidi ya 1,500. Wengi waliishi maisha mema, lakini hakuna kati yao aliyepata Tuzo ya Nobel. Wawili kati ya watoto waliopimwa wakaachwa kwa kutofikisha alama, William Shockley na Luis Alvarez, waliipata ya fizikia, mmoja mwaka 1956 na mwenzake 1968. Nilitaka kumwonyesha kwamba namba hazioni mbali. Nilimbeba Shockley nikiwa najua pia sehemu yake ya pili: baadaye alizunguka Marekani akidai kwamba watu weusi wana akili pungufu kwa kuzaliwa, na ushahidi wake ulikuwa alama za IQ. Kipimo kilimwacha nje akiwa mtoto, naye akaja kukitumia kuwaacha wengine nje. Sijui nifanye nini na habari hiyo zaidi ya kuiweka hapa.

Jumapili nikapanda treni ya umeme asubuhi, saa nne niko nyumbani. Aliniamkia, "Shikamoo dada," akanipokea begi, na kabla sijakaa akaleta kaunta buku. Miezi minne yote ilikuwa humo. Nilitegemea kuona kubahatisha. Nilikuta kurasa za michoro kwa penseli, vipande vimefutwa na kuchorwa upya, tarehe pembeni. Swali moja lilihusu mchemraba: ukiukata kwa kisu kilichonyooka, mara moja, uso wa mkato unaweza kuwa na pande ngapi? Pembetatu ni rahisi, unakata kona. Pembenne, kila mtu anaiona. Yeye alikuwa ameendelea hadi pembetano, kisha pembesita, na kwa kuwa kuchora kulimshinda, alinunua sabuni ya mche, akaikatakata michemraba na kuijaribu kwa kisu cha jikoni.

"Ndiye aliyenimalizia sabuni," mama alisema kutoka uani.

Chini ya michoro alikuwa ameandika kwa nini pande saba haziwezekani. Mchemraba una nyuso sita. Kila upande wa mkato lazima ukae kwenye uso mmoja, na kisu hakiwezi kuugusa uso uleule mara mbili. Basi sita ndiyo mwisho. Mistari miwili, hakuna neno la ziada. Hakuna mwalimu aliyemfundisha kuthibitisha kitu. Shule aliyosoma ilipata mwalimu wa hisabati yeye akiwa kidato cha tatu. Nilikaa na ukurasa ule kwa muda. Hotuba yangu ya wakili ikapungua nguvu, kwa sababu nilikuja kumweleza kwamba namba si ya kweli na nikakuta kitu cha kweli ambacho namba ilikuwa inajaribu, vibaya, kukisema.

Hata hivyo nilisema. Nilimweleza foleni, fimbo na mto, watu milioni 35. Nilimwonyesha kwamba pointi tano tu zikishuka, kutoka 175 hadi 170, tunatoka kwa mmoja katika milioni tatu na nusu na kufika kwa mmoja katika 650,000 hivi, na hakuna mtihani usioyumba pointi tano. Kisha nikamweleza kurudi kwenye wastani. Alama ya juu sana huwa imebeba uwezo pamoja na bahati ya siku, na ukipima tena, bahati hairudi yote. Nikamwandikia nyuma ya risiti: tuseme uthabiti wa mtihani ni 0.8. Umezidi wastani kwa 75. Zidisha kwa 0.8, unapata 60. Makadirio bora ya alama yako ni 160. Na hapo tumeliamini lile jedwali lote, ambalo haliaminiki. Kwa 160, hesabu ya Tanzania inatoka watu 17 na kuwa karibu 2,000.

Alisikiliza vizuri. Hakukasirika, na ingekuwa nafuu kwangu angekasirika.

"Sawa dada," alisema. "Na ile yako uliikagua lini?"

"Ipi?"

"Ya darasa la saba."

Nilipomaliza darasa la saba alama zangu zilinipeleka shule ya vipaji maalum. Huko kulikuwa na maabara, na mwalimu wa hisabati aliyekaa nasi hadi saa mbili usiku. Miaka mitatu baadaye alama zake zilimpeleka shule ya kata. Ilikuwa mitihani miwili tofauti, miaka tofauti, na kila mmoja wetu alikuwa na siku yake. Yeye aliufanya akiwa anaumwa malaria, mama anakumbuka. Hakuna aliyenionyesha kosa la kipimo la siku ile. Hakuna aliyeniambia alama yangu ilivuka mstari kwa ngapi, wala wangapi waliobaki chini ya mstari wangekuwa juu kama ungerudiwa wiki iliyofuata. Najua hesabu hiyo sasa, naweza kuifanya, na nina kompyuta. Sikuwahi kuifanya. Namba iliponipendelea niliiita juhudi.

Nilijitetea kidogo. Nikasema mtihani wa darasa la saba hufanywa na watoto wote, si waliojichagua, na hiyo ni tofauti kubwa. Ni kweli, ni tofauti kubwa. Lakini hilo linahusu foleni imepangwaje. Yeye aliuliza kuhusu mstari, na mstari uliopita katikati yetu ulichorwa kwa kalamu nene kuliko pengo lenyewe.

Nikamsimulia utafiti uliofanywa Bagamoyo, jirani zetu kabisa, uliochapishwa mwaka 2002 na Robert Sternberg na wenzake, wakiwemo Watanzania. Watoto wa shule walipewa maswali ya kufikiri. Kisha baadhi yao wakafundishwa kwa muda mfupi, chini ya saa nzima, namna ya kuyaendea maswali ya aina hiyo, wakapimwa tena. Alama zilipanda. Lililonishangaza mimi ni mpangilio: kwa waliofundishwa, aliyekuwa mbele mwanzoni si lazima ndiye aliyekuwa mbele mwishoni. Chini ya saa moja ya mtu kukaa nawe ilitosha kuivuruga foleni.

"Saa moja," alisema.

"Chini ya saa moja."

Hakusema kingine. Alichukua kaunta buku akaenda nayo chumbani. Mama akaleta chai. Cheti kilikuwa palepale ukutani, na sikumwomba akishushe. Nikasema tu kwamba fedha ya kikoba isiende kwenye ada ya chama, na hilo alilikubali haraka kuliko nilivyotarajia, kana kwamba alikuwa anangoja mtu amwambie. La chuo alisema atafikiria. Jioni nikarudi Dar.

Fomu ameijaza nusu, mama anasema. Imekaa mezani chini ya redio.

Juzi usiku simu iliita, nikidhani ni habari za chuo.

"Dada, ile 0.8 uliipata wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nilisema tuseme. Ilikuwa mfano. Waliotunga mtihani wake hawajatoa uthabiti wowote.

"Nimeona. Na mbona ulinirudisha kwenye 100? Mia ni wastani wa watu wote. Mimi nilifanya mtihani na watu waliojichagua, wewe mwenyewe umesema. Si ungenirudisha kwenye wastani wa hao?"

Nilikaa kitandani. Yuko sahihi. Fomula ile hurudisha alama kwenye wastani wa kundi ambalo mtu ametoka, na kundi lake halikuwa Tanzania. Wastani wa kundi lake hakuna anayeujua, kwa hiyo 160 yangu haikuwa na msingi kuliko 175 yao. Niliichora kwa sauti ya mtaalamu nyuma ya risiti, na mama amekuwa akiwaambia majirani kwamba dada mtu amehakikisha, ni mia na sitini.

"Basi ni ngapi?" akauliza.

Nikasikia nyuma yake mashine ya fotokopi ikichapa, mteja akihesabu kurasa zake kwa sauti.